Kabla hujashuka Kigoma na pesa ya kuhesabu

Watu wakisikia Kigoma wanasema mbali afu gharama. Mbali ni kweli, kutoka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, ila gharama inategemea umejipangaje kabla hujatoka nyumbani. Mi naishi huku mwisho wa reli na nikiwaangalia wageni wanaokuja kutembea siku mbili tatu, anayeishiwa mapema mara nyingi sio yule mwenye hela ndogo, ni yule aliyekuja na ratiba ya kichwani kwake akakuta treni siku hiyo haipo, boti imeshatoka, soko la samaki limeisha asubuhi, ndo anaanza kulipia gesti ya usiku ambao hakuupanga na kukodi usafiri peke yake. Kigoma inaenda kwa siku za treni na saa za boti na hata kwa mwezi wa angani, ukizijua hizo mapema hela kidogo inakutosha kabisa.

Kwahiyo anza na treni. Treni ya reli ya kati haitembei kila siku na siku zenyewe zinabadilika, masika ndo usiseme maana mvua zikizidi reli inaweza kukatika, so pita stesheni au piga simu uulize siku ya kuja pamoja na siku ya kurudi, afu matembezi yako yakae katikati ya hizo siku mbili. Usichanganye na SGR, ile treni mpya ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma 2024, ile huku bado haijafika, ukianza nayo ujue Dodoma unashuka unatafuta basi au unasubiri treni ya zamani. Basi linawahi zaidi, treni inakula kama siku mbili njiani lakini unatembea, unanyoosha miguu, unaona nchi. Daraja la tatu ndo bei rahisi, ila kama una mtoto mdogo au mgongo unakusumbua nakushauri kwa moyo wote ongeza hela uchukue la pili kulala, maana ukifika umechoka hoi siku ya kwanza yote unalala na siku hiyo umeilipia. Beba hela ndogo ndogo, kwenye stesheni wanauza dirishani na chenji hakuna. Tabora treni inakaa muda kidogo kwasababu hapo ndo reli inagawanyika, moja Mwanza moja huku, utaona asali na karanga, karanga nunua ule, asali iache mpaka siku unarudi usije ukazunguka na dumu mjini bure.

Nauli ya kurudi itenge siku hiyo hiyo unayokata tiketi ya kuja. Iweke kwenye simu, usiiguse.

Kitambulisho usisahau, namba ya NIDA au kadi au cha mpiga kura. Mkoa wetu umepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, Uhamiaji wanakagua kwenye mabasi na njiani, ni kazi yao ya kila siku, ukiwa nacho unaonyesha unaendelea na safari, ukiwa huna ndo unashushwa unaanza kujieleza na basi linaondoka.

Sasa hili la mwezi naomba ulisome taratibu maana wageni wengi hawaambiwi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa wanaifuata wanakusanyika, ndo wanawazungushia wavu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti tena, kwahiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi wanapumzika, wanatengeneza nyavu na injini, na dagaa wanapanda bei mjini kote. Ukija siku za giza ukawahi mwaloni Kibirizi au Katonga asubuhi mapema unakuta boti zinaingia, unanunua kwa bei ya pale pale. Angalia kalenda tu kabla ya kukata tiketi, haikugharimu chochote. Halafu ulizia kama uvuvi umefungwa, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwa hili kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na kipindi kama hicho ukija kwa ajili ya mgebuka, samaki anayependwa sana huku, utamkuta kwa shida na bei yake utaiona.

Samaki akiwepo chakula ndo sehemu ya kufurahia kwa hela ndogo kuliko zote. Acha hoteli za juu ya ziwa, nenda kwa mamantilie maeneo ya Mwanga au karibu na mwalo, agiza ugali wa muhogo na mgebuka au dagaa wabichi waliokaangwa, au maharage yaliyoungwa mawese na sombe, yani kisamvu, pembeni, yani sahani moja inakutosha mpaka jioni. Kama tumbo lako halijazoea mawese anza kidogo kidogo siku ya kwanza. Maji ya kunywa chukua ya chupa au yaliyochemshwa, hapo usibane hela.

Kulala, tafuta gesti maeneo ya Mwanga, soko liko jirani na daladala za kwenda Ujiji na za kushuka mjini zinapita hapo. Kabla ya kulipa ingia chumbani, fungua bomba uone maji, angalia chandarua kama hakijatoboka, maana Kigoma malaria ipo ya kutosha na dozi pamoja na siku ya kulala kitandani ni gharama kuliko gesti nzuri kidogo. Mi ningekwambia beba hata chandarua chako, hakina uzito.

Ujiji ni siku nzima ya bei ya daladala. Ni kilomita zisizofika kumi kutoka mjini na ndo mji wenyewe wa zamani, misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa inapita Tabora inaishia hapo ziwani, na hapo ndo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho na miembe iliyotokana na ule mwembe unaosemekana walikutana chini yake, kiingilio kipo kwahiyo beba kitambulisho kwasababu Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi sawa. Ukitoka hapo usirudi haraka, shuka mpaka pwani ya ziwa uone mafundi wanachonga boti za mbao, hiyo hulipii, salimia tu vizuri na uombe kabla ya kupiga picha.

Gombe ndo inayovunja bajeti za watu so amua mapema kabla hujafika. Kwenye hifadhi, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, unaenda kwa maji tu, kukodi boti peke yako ni hela nyingi, boti za abiria za Kibirizi ni rahisi sana ila mara nyingi zinatoka mchana na zinazorudi zinapita asubuhi, maana yake utalala kule. Jumlisha nauli, kiingilio, mwongozaji na malazi pamoja, usihesabu nauli peke yake ukafurahi. Ukiweza mjikusanye watu watano sita mchange boti, hapo hesabu inabadilika kabisa. Na kama una mafua tafadhali ahirisha, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na wanakufa, hili nakuomba kwa dhati.

Kama Gombe haiingii kwenye bajeti bado una stesheni ya Mjerumani pale mjini, reli ilifika hapa 1914, na ukipata nafasi ya kuiona meli ya Liemba iangalie vizuri. Iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli hiyo hiyo ikaungwa hapa, ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina hilo. Kusafiri nayo usiweke kwenye mpango mpaka uthibitishe bandarini kama inatembea.

Msimu mzuri ni Juni mpaka Septemba mvua zikiwa hazipo, ila miezi hiyo upepo wa ziwani unachafuka, safari za boti uliza wenyeji kwanza, na kuogelea pia uliza, sehemu nyingine zina kichocho na mamba.

Mwisho mzigo wa kurudi. Dagaa wakavu kabla hujalipa watingishe kiganjani, mchanga ukibaki mkononi ujue walianikwa chini, tafuta wa kwenye chanja hata kama wamezidi bei kidogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka Juni 2019 kwahiyo toka nyumbani na kiroba au ndoo ya mfuniko, na mawese dumu lifunge na mpira juu ya kifuniko, liweke limesimama miguuni kwako, wasikutupie kwenye buti likalala juu ya mizigo ya watu.