Kijiko cha kuvulia: mwendo ndio kila kitu

Ukivua kwa kijiko cha chuma, yaani chambo bandia chenye umbo la kijiko, usikimbilie kurusha mbali. Kwanza kitupe karibu, pale unapoweza kukiona, ukivute polepole huku ukikitazama. Kijiko hiki hakitakiwi kuzunguka. Kinatakiwa kuyumba kushoto na kulia, kimeremete kila kikigeuka kama kidagaa kilichojeruhiwa. Kikianza kuzunguka, unavuta haraka mno. Kikija kimelala tu, ongeza kidogo. Ukishausikia ule mtetemo kwenye fimbo, shika mwendo huohuo.

Kisha kila baada ya kuvuta kidogo, tulia sekunde 1 au 2. Kijiko kitazama kikipepea, na mara nyingi samaki hukivamia hapohapo, kwa hiyo usiache mshipi ulegee kabisa. Wengi huikosa nafasi hii kwa sababu ya haraka tu, na inasikitisha.

Zana yenyewe ni ya zamani. Mmarekani Julio T. Buel alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya kijiko cha kuvulia mwaka 1852. Husimuliwa kwamba alidondosha kijiko cha chakula katika ziwa moja la Vermont, akaona samaki akikirukia. Huenda kisa kimetiwa chumvi, ila umbo lile halijabadilika sana hadi leo.

Maji yakiwa maangavu, anza na rangi ya fedha. Yakiwa na tope, jaribu shaba au dhahabu. Na mbele ya kijiko funga kiungo kinachozunguka, la sivyo mshipi utajisokota.