Namna ya kujifunza mizunguko ya salsa kwa kuwatazama wachezaji wazoefu

Wanaocheza salsa ukumbini mara nyingi hawajawahi kufanya mazoezi pamoja, wala anayeongoza hamwambii mwenzake kinachofuata. Kwa hiyo mzunguko uliokwenda sawa umeongozwa kwa ishara, na ishara hizo huzipata pia aliyekaa pembeni, mradi ajue pa kutazama. Somo hili ni kwa wenzetu wa Unguja na Pemba ambao hatua ya msingi wameshaimudu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wa kumtazama. Mwacheni mwenye mbwembwe. Mtafuteni yule ambaye hata mwanamke aliyeanza kujifunza juzi hucheza naye bila kubabaika, kwa sababu hapo hakuna kilichokaririwa.

Hatua ya pili ni kuhesabu kimoyomoyo. Salsa huhesabiwa mapigo manane, nyayo hukanyaga katika 1, 2, 3 na 5, 6, 7, na mapigo ya 4 na 8 hupita bila hatua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: utazameni mshiko kabla ya mzunguko, mkono upi umeshika upi, na kama mikono imepishana, upi uko juu. Tuchukue mzunguko wa kulia wa kawaida, kwa wanaoanzia pigo la 1. Mkono wa kushoto wa mwongozaji umeshika wa kulia wa bibie. Katika 3 mkono huanza kupanda, bila kuvuta, hadi juu kidogo ya kipaji cha uso wa bibie. Katika 5 bibie hukanyaga mbele kwa mguu wa kushoto na kuanza kugeuka, na ifikapo 7 ameshamkabili mwongozaji tena. Muda wote huo vidole havibani, bali hulegea ili kiganja chake kipate kuzunguka. Asiyeiona hiyo 3 hunyanyua mkono katika 5, bibie akachelewa, na lawama akabebeshwa yeye.

Hatua ya nne, fuateni njia ya anayeongozwa. Katika mtindo wa Los Angeles yeye hupita kwenye mstari na mwongozaji humpisha, ilhali katika ule wa Kuba wawili huzungukana.

Hatua ya tano, angalieni mshiko uliobaki mwishoni, kwa kuwa mizunguko mirefu kwa kawaida ni vipande vifupi vilivyounganishwa, na kipande kinachofuata huanzia pale mikono ilipoishia. Chukueni kipande kimoja tu, mkijaribu pembeni wimbo huo huo ukiendelea, kabla hakijasahaulika.

Maswali ya wanachama

*Maalim, sisi huku Chake Chake hatuna ukumbi, tunategemea video. Zinafaa?*
Zinafaa, ndugu yangu, hasa kwa kuwa unaweza kuzirudisha na kuzipunguza mwendo. Ila chagua za watu wanaocheza kwa starehe. Za jukwaani hupangwa, na bibie hugeuka kwa kuwa anajua zamu yake imefika, hata kama hakuongozwa.

*Mimi ni mwanamke. Nimtazame nani?*
Mtazame anayeongozwa, dada, na zaidi uzito wake uko mguu upi kabla ya kugeuka. Utaona kwamba wazoefu hawauwahi mkono, huungoja.

*Mzunguko naufanya vizuri na rafiki yangu, lakini na wengine unakwama.*
Rafiki yako ameshaukariri. Jaribu na asiyeujua, polepole, na pale atakaposita ndipo ishara yako ilipochelewa au ilipokosekana.

*Je, njia hii inafaa kwa kizomba?*
Kwa sehemu. Kizomba, iliyotoka Angola, haina mizunguko mingi ya mikono, na mwongozo wake hutoka zaidi kifuani kwa sababu wachezaji wamekaribiana. Tazama kiwiliwili na namna uzito unavyohama, na hatua ya tatu uiache.

*Inafaa kumuuliza mchezaji mwenyewe?*
Inafaa sana, ila baada ya wimbo kwisha, na umwombe akuoneshe mshiko wa mwanzo tu. Mengine utayaona mwenyewe atakapourudia mzunguko huo.