Kupima nyumba nzima homa ya ini ya B

Mdogo wangu alikwenda mjini Chake Chake, Pemba, kumtolea damu mkewe, akaambiwa damu yake haifai, ana homa ya ini ya B. Kurudi Wete, maneno yakaanza: kachezewa, karogwa. Mbona kaka yake, waliolala kitanda kimoja tangu utoto, hana kitu? Yakiwafika nanyi, anzeni kwa kupima.

Pimeni wote, mama na watoto pia, na ombeni vipimo vitatu. HBsAg huonesha virusi vimo mwilini sasa. Anti-HBc huonesha vilishawahi kuingia. Anti-HBs huonesha kinga. Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu nikapiga mistari: majina kushoto, vipimo juu. Mama, cha kwanza ndiyo. Mdogo wangu, ndiyo. Kaka, cha kwanza hapana, viwili vya mwisho ndiyo. Kumbe vilimwingia naye, mwili ukavishinda kimyakimya.

Waonesheni wazee ukurasa huo, kisha waelezeni. Kubwa linaloleta tofauti ni umri wa kuambukizwa: wachanga wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, kiasi cha 90 katika 100 hubaki navyo, watu wazima hawafiki 5. Lakini urithi nao una sehemu yake. Jeni za HLA huuwezesha mwili kuinua vipande vya virusi juu ya seli ili askari wa kinga wavitambue, na kila mtu ana aina zake. Hata ndugu wa tumbo moja, nafasi ya wawili kurithi seti sawasawa ni 1 katika 4. Mwaka 1995 utafiti wa Gambia ulikuta aina moja ya HLA ikiwalinda watu virusi visiwagande. Basi si hasidi, wala mama hana kosa. Hilo mimi nililirudia mpaka akaacha kulia.

Msitafute kupima jeni; hakubadilishi dawa. Mwenye virusi arudie HBsAg baada ya miezi 6. Vikiwamo bado, ni sugu: apimwe wingi wa virusi, kazi ya ini na ultrasaundi. Asiye na virusi wala kinga achanjwe sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mjamzito amwambie mkunga mapema, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Kikombe cha mwenye virusi mlichokitenga, kirudisheni kabatini na vyengine. Kula pamoja hakuambukizi.