Kabla ya kusimika haidranti, anza na maji

Niliwahi kuitwa kuangalia mabomba ya jengo moja la makazi, ghorofa nne, pembezoni mwa Dar es Salaam. Pale getini palisimama haidranti nyekundu, mpya, bado inanuka rangi, na mwenye jengo aliionyesha kwa fahari. Nikamwomba fundi wake afukue kidogo nyuma yake. Tukakuta bomba la inchi moja na nusu limeungwa kwenye laini ileile inayopeleka maji ya kuogea. Tukafungua. Ikapumua hewa, ikakohoa matope kidogo, basi. Siku hiyo haikuwa zamu ya mtaa ule kupata maji.

Kwa asiyeizoea, haidranti ni kichwa cha bomba ambacho askari wa zimamoto huunga mpira wao. Haizalishi chochote. Kwa hiyo kabla hujauliza isimame wapi, uliza bomba la mtaa linalopita nje ya kiwanja chako lina kipenyo gani, limeunganishwa pande mbili au linaishia kwako, na maji hupita siku zipi. Maswali hayo yapeleke ofisi ya mamlaka ya maji ya eneo lako, siyo kwa jirani. Chini ya milimita 100 usilitegemee kabisa. Milimita 150 ndiyo ya kuanza nayo mazungumzo. Na bomba linaloishia kwako hupokea kile tu kilichobaki baada ya mtaa mzima kuchota.

Ukitaka kujionea mwenyewe, tafuta pipa la lita 200 na saa. Amka saa kumi na mbili asubuhi, wakati kila nyumba inaoga na kufua, funga mpira mpana kabisa unaoweza kuungwa kwenye laini yako, ujaze. Likijaa kwa dakika moja utafurahi, lakini hizo ni lita 200 tu kwa dakika. Mpira mmoja wa zimamoto unaofanya kazi vizuri humeza kama lita 500 kwa dakika, na moto ulioshika vyumba viwili hauishii kwenye mpira mmoja. Kipimo cha saa nane usiku hakina maana. Usiku kila bomba lina presha.

Nchini kwetu hata majibu yakiwa mazuri, weka akiba yako. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na moto hausubiri ratiba ya mgao. Hesabu yenyewe si ngumu. Simtanki la lita 10,000, lile ambalo wengi huliona kubwa, linalisha mpira mmoja kwa dakika 20, mipira miwili kwa dakika 10. Mwongozo wa ujenzi wa England unasema pasipo na bomba la mtaa la kutosha, tanki la akiba lisipungue lita 45,000. Hizo kwa mpira mmoja ni dakika 90, na kwa mitatu ni nusu saa. Kwa ukubwa ni shimo la zege la mita 5 kwa 4.5 lenye kina cha maji cha mita 2. Linaingia chini ya maegesho ya magari bila kukunyang'anya hata chumba kimoja.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanajenga tanki, kisha maji yaleyale yanaogewa, yanafuliwa, yanamwagiliwa bustani, na siku ya moto mnakuta sentimita kumi za tope. Dawa yake ni ya fundi bomba wa kawaida: tundu la bomba linalopeleka maji majumbani litobolewe juu kwenye ukuta wa tanki, kwenye kimo ambacho chini yake zinabaki zile lita za zimamoto, na bomba la zimamoto lichukue kutoka chini kabisa. Wapangaji wakimaliza fungu lao watalalamika, na walalamike. Ukiweka kibao tu cha "akiba ya moto, usitumie", utakuwa umewaachia mlinzi na dobi waamue.

Halafu presha. Kila mita 10 ambazo maji yamekaa juu ya bomba lako hukupa baa moja (kipimo cha presha, si ya bia). Tanki juu ya mnara wa mita 6 linakupa baa 0.6, ambayo inatosha kuoga lakini haitoshi kurusha maji ghorofa ya tatu. Kwa hiyo ama unaweka pampu, ama unaiachia pampu ya gari la zimamoto kazi hiyo. Ukiweka yako, kumbuka kitu kimoja: jengo likishika moto, umeme hukatwa. Pampu iliyoungwa baada ya swichi kuu itazimika wakati huohuo. Iwe na laini yake inayotoka kabla ya swichi kuu, au iwe ya dizeli na iwashwe kila wiki. Mabomba yake yanayopita juu ya ardhi yawe ya chuma. Plastiki ni nzuri ikiwa imefukiwa, lakini ikikutana na moto inayeyuka.

Ukiliachia gari livute lenyewe kutoka tanki la chini, lazima lifike karibu. Mpira mgumu wa kunyonyea ni mfupi, na kwa kawaida pampu hainyanyui maji zaidi ya mita 7 hivi kwa kunyonya. Kwa hiyo mfuniko wa tanki uwe mahali gari linaposimama, si nyuma ya banda la kuku. Na gari lenyewe ni zito: likibeba lita 10,000 hiyo ni tani 10 ya maji peke yake, bado chuma na watu. Zege la juu ya tanki na mfuniko wa karo la maji machafu vihesabiwe na mhandisi kwa uzito huo. Nimeona majengo ambayo njia pekee ya kuingilia inapita juu ya karo.

Sasa haidranti inaweza kutafutiwa mahali. Mwongozo huohuo wa England hutaka umbali kati ya moja na nyingine usizidi mita 90, barabara isipungue upana wa mita 3.7 na geti mita 3.1. Vipimo hivyo vinatusaidia hata sisi, hasa vya geti, maana mageti yetu mengi yamepimwa kwa gari dogo. Wamarekani huitaka iwe kama mita 12 kutoka kwenye jengo inalolilinda, ili askari asisimame chini ya ukuta unaoanguka na vioo vinavyopasuka. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hakina nafasi hiyo. Iweke basi kwenye kona ya uzio upande wa barabara, mbali na madirisha na mitungi ya gesi. Mdomo wake uwe kama sentimita 45 kutoka ardhini, na mita moja kuizunguka ibaki wazi. Sehemu hiyo itatamaniwa na muuza chipsi na bodaboda wenye kijiwe, kwa hiyo simika nguzo mbili fupi za zege kuikinga.

Kabla ya kununua, nenda kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe ukaone mipira yao inaungwaje. Kuna viungo vya kuskurubu na vya kubana, na magari huja kutoka nchi tofauti. Piga picha, mpe fundi. Ukiwa huko, peleka na michoro wakati bado ni karatasi, kwani kuhamisha mstari ni rahisi kuliko kuhamisha bomba.

Siku ya kukabidhiwa jengo, usimlipe fundi fungu la mwisho hadi mpira umeungwa mbele yako na maji yamefika dirisha la juu kabisa. Funga kwanza vali ya bomba la mtaa, ili mjue yanatoka kwenye tanki lenu. Mlinzi awepo, ashike ufunguo wa vali kwa mkono wake, na namba ya zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi ukutani kwenye kibanda chake.