Kichanga wako hakuangalii? Hakikisha kwanza yuko macho kweli

Wamama wa Dodoma mnaolia kwamba mtoto wa wiki mbili "haoni" eti umempungia mkono hajafuata, tulieni, mara nyingi mmemjaribu muda mbovu tu. Kichanga analala kama saa 16 kwa siku na karibu nusu ya usingizi huo ni ule wa kuhangaika, macho yanacheza chini ya kope, anakunja uso, anatabasamu, saa nyingine kope zinafunguka kidogo unadhani kaamka kumbe wapi.

Unachovizia ni ule muda katulia: macho yako wazi yanang'aa, mikono na miguu haihangaiki, halii. Mara nyingi unaupata akishanyonya na kucheua, na haukai, dakika chache tu ashaanza miayo. Ukiupata mtoe kwenye jua letu hili la saa saba, ingia ndani vuta pazia maana mwanga mkali unamfumbisha kabisa (tochi ya simu ndo usiguse), mnyanyue awe wima kidogo, wakiwekwa wima huwa wanafungua macho. Leta uso wako sentimita 20 mpaka 30, kaa kimya, ukiongea hutajua kafuata sauti au sura, afu sogea taratibuuu upande mmoja. Atafuata kwa kurukaruka na kukupoteza njiani, ni sawa. Kanga yenye madoa makubwa meusi kwenye nyeupe nayo inafaa, ile pinki iliyofifia hata hashtuki. Akigeuza uso au akianza kwikwi, acha, kachoka.

Hata hospitali wakipima ubongo unavyoitikia mwanga, vile vihisio wanavyobandika kichwani, wanaandika kabisa mtoto alikuwa kalala au macho, maana mawimbi yanabadilika umbo. Taa ya kumulika inapenya kope kwaiyo hata aliyelala anapimika, ila kile kipimo cha miraba myeusi na myeupe kinataka aliye macho. Na ubongo wake bado mzito, kwa ile taa ya kumulika kilele cha jibu kinakuja kama milisekunde 200 baada ya mmuliko, mtu mzima ni 120 hivi.

Makengeza ya kuja na kuondoka miezi ya mwanzo yasikutishe. Ila mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha tu, au jicho linatoa usaha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimkamulie maziwa machoni hata bibi akisisitiza. Akifika miezi mitatu bado hafuati kitu akiwa macho kabisa, mpeleke pia.