Kunyoa ndevu kwa wembe bila kujikata wala kuota vipele

Wembe wa pande mbili, huu tunaonunua dukani ukiwa kwenye karatasi yake, una unene wa kama milimita 0.1. Chuma chembamba namna hiyo kikiwa kipya hukata unywele kwa kuugusa tu. Kwa hiyo mtu anayetoka damu kila anaponyoa, mara nyingi kosa haliko kwenye wembe. Ama anaukandamiza, ama ananyoa ndevu ambazo hazijalowa, ama anarudia palepale mara tatu nne akitaka shavu liteleze kama la mtoto. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wengi ninaowanyoa hapa Kirumba, Mwanza, na ndilo gumu kuliko yote kumshawishi mtu aliache.

Sababu ni hii. Nywele zetu za kipilipili hukua zikijikunja. Ukinyoa hadi chini kabisa, ncha ya unywele hubaki ndani ya ngozi, tena imechongoka. Ukianza kuota upya hauoni njia, unatoboa ngozi kutokea ndani. Au unatoka nje vizuri, kisha unajikunja na kuchoma ngozi pembeni. Mwili huupokea kama mwiba: panavimba, panawasha, panaota usaha. Wengi wakishaona vipele vile huambiwa wana damu chafu, wakanunua dawa za kusafisha damu. Damu yao haina shida yoyote. Shida ni unywele uliokatwa chini mno.

Kwa hiyo kabla hujashika wembe, kubali jambo moja: kunyoa vizuri kwa ndevu zetu ni kuacha kidogo. Ukipitisha kidole kinyume na ndevu usikie mkwaruzo mdogo. Mtu aliye mbele yako hataona kitu.

Hatua ya 1: Wembe

Kwa kujinyoa nyumbani nashauri kinyoleo cha chuma kinachobeba wembe mzima wa pande mbili, kile ambacho wazee wetu walikuwa nacho. Kina ukingo unaozuia wembe usizame. Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi unaowekwa nusu wembe, hauna kinga hiyo. Unautawala kwa kiganja peke yake, na ni vigumu kujifunzia kwenye shingo yako mwenyewe mbele ya kioo. Ukiutaka, anza na mashavu tu, sehemu nyingine malizia na kinyoleo.

Unapovunja wembe katikati, uvunje ukiwa bado ndani ya karatasi. Vidole vinabaki salama, na makali hayaguswi.

Kwa ndevu ngumu, wembe mmoja unanyoa mara 3 hadi 5. Ukianza kuusikia unavuta badala ya kukata, umekwisha, hata kama ni mara ya pili. Usimwazime mtu wembe wako, hata ndugu yako wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na damu yenyewe huenda usiione kwa macho. Ukija saluni, dai wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Kinyozi mzuri hatachukia.

Nyembe zilizotumika zitumbukize kwenye kopo la bati lenye kitobo. Usizitupe wazi kwenye jalala ambako watoto na wazoa taka hupitisha mikono.

Hatua ya 2: Zijue ndevu zako zinalala wapi

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ni kubwa kuliko ya wembe wenyewe.

Ziache ndevu siku mbili hivi. Kisha ukiwa na uso mkavu, pitisha kidole polepole: juu kwenda chini, chini kwenda juu, kulia, kushoto. Upande ambao kidole kinateleza ndio upande ndevu zinakolala. Upande kinakokwama ndio kinyume chake. Mashavuni karibu kila mtu zinalala kwenda chini. Shida iko shingoni. Kuna watu ambao chini ya taya ndevu zinapanda kwenda juu, wengine zinalala kwenda sikioni, na wengine shingo moja ina upande wa kulia unaokwenda huku na wa kushoto unaokwenda kule. Mtu huyo akinyoa shingo yote kwa kushuka chini, nusu yake ananyoa kinyume bila kujua, kisha anashangaa kwa nini vipele vinakaa upande mmoja tu.

Chukua karatasi, chora uso na shingo, weka mishale. Ibandike karibu na kioo mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 3: Maji

Unywele mkavu ni mgumu kukata. Ukilowa hunywa maji, huvimba, na hulainika, na wembe haulazimiki kusukumwa. Hilo huchukua dakika 2 hadi 3 za maji ya uvuguvugu. Kujimwagia mkono mmoja wa maji na kuanza papo hapo hakusaidii. Wakati mzuri ni baada ya kuoga. Kama hukuoga, chovya taulo safi kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, likamue, liweke usoni, ulichovye tena likipoa.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tuna bahati, maji yake hayana chokaa nyingi na sabuni hutoa povu haraka. Lakini maji ya mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, usiyatumie yakiwa mabichi, hasa kwenye ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe. Vijidudu vya kichocho wanaotoka kwa konokono wa ufukweni hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Yachemshe, yaache yapoe, ndipo uyatumie. Kama maji yako ni ya kisima na sabuni inagoma kutoa povu, kinga maji ya mvua ndoo moja uyaweke kwa kazi hii.

Neno kwa wavuvi wa dagaa. Ninyi huja kwa wingi wiki ya mbalamwezi, taa za kuvulia zikiwa zimepumzika, na ndevu zina wiki kadhaa. Wengi hukaa kwenye kiti na kusema, "Fundi, toa zote kwa wembe." Ndugu yangu, ndevu ndefu huziba wembe, wembe ukiziba unavuta, ukivuta unachubua. Tupunguze kwanza kwa mashine au mkasi zibaki fupi, ndipo tulowanishe. Ngozi iliyopigwa jua na upepo wa ziwa usiku na mchana haina uvumilivu wa kukwanguliwa.

Hatua ya 4: Povu

Sabuni ya mche ya kufulia iache ifue nguo. Ni kali kwa ngozi ya uso na povu lake hukauka kabla hujamaliza shavu moja. Tumia sabuni au krimu ya kunyolea. Usipoipata, sabuni ya kuogea isiyo kali inafaa ukiongeza matone mawili ya glisarini ya duka la dawa, ili povu likae na unyevu.

Brashi ina faida kuliko kiganja kwa sababu huinua ndevu zilizolala na kulifikisha povu kwenye mashina. Zungusha kama dakika moja. Povu zuri ni zito na linang'aa. Likiwa na mapovu makubwa kama ya kufulia, maji yamezidi. Likikauka ukiwa katikati ya kazi, paka jingine, usijikaze kuendelea.

Hatua ya 5: Kupitisha wembe

Shika kinyoleo mwishoni mwa mpini, kwa vidole, si kwa ngumi. Kiweke shavuni kichwa kikiwa bapa, kisha shusha mpini taratibu hadi usikie wembe unagusa ndevu. Pembe kati ya wembe na ngozi iwe kama nyuzi 30. Ukiinua wembe zaidi utakwangua, ukiulaza zaidi utateleza bila kukata. Wembe wa kukunja nao ni nyuzi hizohizo, ila hapo hakuna cha kukukumbusha isipokuwa sauti: wembe ulio sawa unasikika ukikata, mkwaruzo laini unaoendelea. Ukinyamaza ghafla, umepoteza pembe.

Uzito wa kinyoleo unatosha. Usiongeze wako. Vuta kipande kifupi, kama upana wa vidole viwili, suuza wembe, endelea. Fuata mishale yako ya karatasi. Usiukaushe wembe kwa taulo wala kidole, utaharibu makali na utajikata. Usuuze tu.

Wembe huenda mbele peke yake. Ukiusogeza kando hata kidogo ukiwa umegusa ngozi, unakata mara moja, na majeraha mengi marefu membamba ninayoyaona mashavuni yametokana na hilo. Inua, ndipo uhamishe.

Ngozi ishikilie isicheze, lakini usiivute ikakaza. Ukiivuta, unywele huchomoza, unakatwa, kisha ukiiachia ngozi ncha inazama ndani, na tumerudi kwenye vipele vilevile.

Sehemu tatu zinahitaji utulivu. Kwenye kikoromeo, sogeza ngozi pembeni kwa kidole ili uinyolee mahali bapa, kisha uiachie. Kwenye ukingo wa taya, inua kidevu na upite kwa vipande vifupi sana, maana pale wembe unapanda mfupa. Chini ya pua, vuta mdomo wa juu ushuke juu ya meno, ushushe wembe mara moja tu.

Hatua ya 6: Kurudia

Kama hukuwahi kuwa na vipele, unaweza kupaka povu jipya na kupita mara ya pili kwa kukingama na upande ndevu zinakolala. Kinyume na ndevu, hapana. Kama una vipele, mara moja inatosha. Popote pasipo na povu pasiguswe na wembe, hata ukiona unywele mmoja umesimama unakutazama.

Hatua ya 7: Baada ya kunyoa

Suuza kwa maji baridi safi, kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Spiriti usoni inachoma na kukausha ngozi, siipendi kwa kazi hii. Losheni nyepesi isiyo na manukato inatosha. Mafuta mazito ya mgando kwenye joto la huku yanachanganyika na jasho na kuziba vinyweleo.

Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi dakika mbili bila kuchungulia. Kisha lowanisha kipande cha shabu, hiyohiyo ya kutulizia maji, ugusishe palepale. Hukaza ngozi na mishipa midogo, damu inakoma. Usipake dawa ya meno wala majivu. Na kwa vinyozi wenzangu: bonge moja la shabu linalozunguka kwa wateja wote linabeba damu ya mmoja kwenda kwa mwingine. Vunja vipande vidogo, mteja mmoja kipande kimoja, kisha tupa.

Kama vipele vimeshaota

Weka wembe chini kwa wiki 4 au zaidi. Punguza ndevu kwa mashine, zibaki kama milimita moja au mbili. Siku za mwanzo zitawasha, kisha nywele nyingi zilizojichimbia hujitoa zenyewe zikirefuka. Usizifukue kwa sindano. Ukiona kitanzi cha unywele juu ya ngozi, kiinue kwa ncha ya kibano safi bila kukichomoa, kwani ukikichomoa unaofuata utaanzia ndani tena.

Krimu zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, zinazouzwa ovyo madukani hupoza haraka, lakini ukizipaka kwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na kubadilika rangi. Pakiwa na usaha mwingi, au kovu likianza kukua kuzidi jeraha lenyewe, iwe kidevuni au kisogoni, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu dogo hutibika kwa urahisi kuliko kubwa.

Ukirudi kwenye wembe, anza na mashavu peke yake. Shingo iongezee wiki mbili za mashine, na unyoe kila baada ya siku mbili au tatu, si kila asubuhi.