Jinsi ya kumwombea mfungwa wa maisha msamaha wa Rais

Ikiwa nduguyo anatumikia kifungo cha maisha pale gereza la Kodiaga, Kisumu, nchini Kenya, usiegemee uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2023 uliokadiria maisha kuwa miaka 30, kwa kuwa mwaka 2025, katika kesi nyingine, Mahakama ya Upeo ilikirejesha kifungo hicho kisicho na kikomo. Tumia Kifungu cha 133 cha Katiba, kinachomruhusu mtu yeyote kumwomba Rais, ambaye hufuata ushauri wa kamati maalumu, amsamehe mfungwa au ampunguzie adhabu.

Katika ombi, mfungwa akiri kosa bila kulipamba. “Nilimuua jirani yangu” lina uzito ambao “kulitokea ugomvi” halina. Ambatisha nakala ya hukumu, vyeti vya useremala au ushonaji alivyopata gerezani, na barua ya chifu inayoeleza atakakoishi.

Kamati inaweza kuzingatia maoni ya waliokosewa, nao wana haki ya kukataa, kwa hiyo watume wazee kwao kwa upole, kamwe usiwashurutishe. Naamini kwa dhati kwamba aliyebadilika hapaswi kufia ndani, lakini machozi ya waliokosewa pia yahesabiwe.

Baki na nakala ya ombi iliyopigwa muhuri.